Mapenzi, Mchanga na Pedali: Siku Tatu Paje na Jambiani

Umechoka na wikiendi za baa ileile, meza ileile, kila mtu na simu yake? Beba baiskeli, beba mwenzako, vukeni maji. Ila kabla hujaufunga mguu wako kwenye pedali, soma hapa kwanza.

Pwani ya mashariki ya Unguja ina barabara ambayo huikuti kwenye ramani. Inatokea mara mbili kwa siku, inakaa saa chache, halafu bahari inaichukua. Maji yakipwa, bahari inarudi nyuma mpaka karibu na mwamba kule mawimbi yanakopasukia, na wewe unabaki na uwanja mpana wa mchanga mweupe, umelowa, umeshikamana, unang'aa. Hapo ndipo mtu wa baiskeli anaposahau kwamba Jumatatu kuna kikao.

Ukimuuliza mtu wa Dar kuhusu Paje, atakuambia habari za pati na za wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Ni kweli, vyote vipo. Lakini mimi nakuambia, raha ya Paje iko asubuhi, maji yakiwa mbali na kijiji kikiwa ndiyo kwanza kinakunywa chai.

Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Ukishuka, baiskeli zinafungwa juu ya daladala, unakatiza kisiwa, unapita msitu wa Jozani ambako kima punju wanakaa kwenye miti kama wenye nyumba, na mwisho unaiona bahari ya upande wa pili. Kutoka Paje kushuka Jambiani kwa ufukweni ni kama kilomita 6 au 7, inategemea umeanzia wapi, maana Jambiani ni kijiji kirefu. Si mbali. Lakini kilomita 7 za mchanga si sawa na kilomita 7 za lami, na hapo ndipo habari ya pedali inapoingia.

KWANZA, IJUE BAHARI

Watu wa pwani wana maneno ya maji ambayo sisi wa maofisini tumeyasahau. Bamvu ni siku za maji makubwa, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za katikati, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kwa baiskeli chagua bamvu. Siku hizo upande huu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata muda unasogea mbele, karibu saa nzima. Kwa hiyo ukimwambia mwenzako "tutaamka tukijisikia," bahari haitawasubiri.

Pili, upepo. Sisi tulikwenda mwezi wa kwanza, Kaskazi ikivuma. Kushuka Jambiani ilitusukuma mgongoni kama mama anayekupeleka shule. Kurudi Paje ikatudai kila ilichotukopesha. Ukienda wakati wa Kusi, miezi ya sita mpaka ya tisa, mambo yanageuka.

Tatu, adabu. Ule uwanja mweupe si wako peke yako. Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani pale tangu 1989, kwa kamba na vijiti vilivyochomekwa kwenye maji ya kina kifupi. Usipite juu ya kamba zao, usipite juu ya mwani ulioanikwa, na ukiingia kijijini vaa kitu juu ya ile kaptura yako ya kubana. Salamu haigharimu kitu. "Habari za asubuhi mama," halafu endelea na safari.

PEDALI ZA KUKAMATA NI KITU GANI?

Tuelewane, maana si kila msomaji ni mgonjwa wa baiskeli kama mimi. Pedali ya kawaida ni bapa, unaweka mguu juu unakanyaga. Pedali ya kukamata ina springi. Chini ya kiatu chako kunafungwa kipande kidogo cha chuma, tukiite kliti. Unakanyaga, unasikia "taka," kiatu kimenaswa. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje, springi inaachia. Faida yake ni kwamba mguu hautelezi, unakaa palepale, na nguvu yako inaingia kwenye baiskeli vizuri. Kinachochekesha ni kwamba kwa Kiingereza jina lake lina maana ya "isiyo na klipu," kwa sababu ilikuja kuchukua nafasi ya zile klipu na mikanda ya zamani iliyofungwa juu ya vidole.

Historia yake si ndefu. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedali zake za baiskeli za mashindano mwaka 1984. Mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo, na dunia ikageuka. Lakini zile ni za lami. Kliti yake ni kubwa, imetokeza chini ya soli, ukitembea unatembea kama bata. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikaleta mfumo wa SPD kwa ajili ya baiskeli za milimani: kliti ndogo ya chuma, bolti mbili, imejificha katikati ya meno ya soli ili mtu aweze kutembea. Kwa safari yoyote yenye kushuka na kusukuma, na pwani utasukuma tu, anzia kwenye ukoo huo wa kliti ndogo.

KWA NINI NILIKWENDA NA MUME WANGU

Mimi na mume wangu tulichumbiana juu ya baiskeli. Jumamosi alfajiri, kabla ya foleni, tukiwa bega kwa bega, tukiongea. Mambo mengi makubwa ya nyumba yetu tuliyaamua pale: kodi, kazi, mahari, kama tuko tayari kupata mtoto. Ndoa za watu wanaorudi nyumbani saa mbili usiku zina saa chache za kuongea. Zetu zilikuwa zile.

Mwaka jana akaanguka. Njia ya mchanga nje ya mji, mwendo wa taratibu kabisa. Gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikasimama, yeye akaenda nayo chini huku mguu ukiwa bado umenaswa. Mtulinga ukavunjika. Mfupa ulipona baada ya miezi, lakini baiskeli ikabaki imetundikwa ukutani kama picha ya marehemu. Kila Jumamosi aliniambia, "Nenda tu mke wangu, mimi niliingiwa na woga ndiyo maana mguu ukagoma. Utanikuta na chai." Na kweli chai nilikuwa naikuta. Mazungumzo ndiyo sikuyakuta tena.

Kwa hiyo Paje haikuwa likizo tu. Tulikubaliana siku tatu, mchanga uleule uliomwangusha, na tuone kama bado tunaweza kuwa watu wawili wa baiskeli. Yeye alifunga pedali bapa zenye vipini vya kushika soli. Mimi nilibaki na SPD zangu. Na kwa bahati nyumba tuliyofikia alikuwepo dada mmoja wa Arusha, mpanda milima haswa, mwenye pedali za aina ya Egg Beater, zile zinazofanana na mwiko wa kupigia mayai. Mchanga mmoja, pedali za aina tatu. Ningeomba nini zaidi?

MCHANGA SI TOPE

Ushauri mwingi unaousikia kuhusu pedali unahusu tope. Tope linaganda, linajaza nafasi kati ya kliti na springi, kiatu hakiingii. Kwa tope jibu linajulikana: nunua pedali iliyo wazi ambayo haina mahali pa kushika uchafu. Egg Beater, zilizotoka mwaka 2001 kwa Crankbrothers wa California, zina pande nne za kuingilia na karibu hazina mwili. ATAC za Time, zenye asili ya Ufaransa, nazo zina springi zilizo wazi na zinasukuma tope nje kila unapokanyaga.

Mchanga una tabia zake. Ukiwa mkavu hauzibi sana, unamwagika. Kazi yake ni kusaga. Kila chembe inayokaa kati ya chuma na chuma ni msasa. Ukiwa umelowa maji ya chumvi unafanya yote mawili: unashindiliwa kwenye shimo la kliti kama unga kwenye kopo, na chumvi inaanza kutengeneza kutu siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza tulipima. Kwenye mchanga mgumu, karibu na maji, wote watatu tulikuwa wafalme. Kisha tukakata kuelekea kijijini, kupitia ule mchanga laini wa juu, na wote watatu tukashuka tukasukuma. Tulipotaka kupanda tena, yule dada wa Arusha alikanyaga mara moja, taka, akaondoka. Mimi niligonga kiatu kwenye pedali mara tatu, nikachokoa kliti kwa kijiti, mguu wa kulia ukaingia, wa kushoto ukakataa mpaka nikaugonga tena. Mume wangu? Aliweka miguu juu ya pedali akaondoka. Hakukuwa na cha kuziba.

Lakini usikimbilie kununua ile ya mwiko. Kliti zake ni za shaba, laini kuliko chuma cha SPD, na mchanga unazila haraka. Tena springi yake haina skrubu ya kulegeza au kukaza. Unachoweza kufanya ni kubadilisha kliti za kulia na kushoto, na hapo kiatu kinaachia kwenye nyuzi 15 au nyuzi 20 za kuzungusha kisigino. SPD inakuruhusu kulegeza springi kwa skrubu ndogo, na kuna kliti zake zinazoachia kwa pande zaidi ya moja, hata ukivuta mguu juu kwa kishindo. Kwa anayeanza hiyo ni salama kubwa. Na zile pedali za mashindano ambazo springi yenyewe iko ndani ya kliti, chini ya kiatu? Pwani ziache nyumbani. Kila hatua unayotembea unashindilia mchanga ndani ya mashine.

FUNDI WA PAJE

Siku ya pili pedali yangu ya kushoto ikaanza kulia. Tukaelekezwa kwa fundi baiskeli, mzee wa makamo mwenye kofia, aliyekaa chini ya mkungu na maji ya kutafutia pancha mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Hiyo naisikia toka kule, inalia mchanga."

Akaifungua, akanionyesha grisi iliyogeuka uji wa kijivu. Akasafisha, akapaka mpya, akanipa somo la bure: mafuta mengi yanayotiririka ni sumaku ya mchanga. Springi paka kidogo tu, kisha ifute mpaka ionekane kama hujapaka. Na kila jioni maji baridi, si maji ya bahari, na usipige kwa mpira wenye presha maana utasukuma mchanga ndani ya beringi.

Nikadhani tumemaliza. Mume wangu akafungua begi lake, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na vile viatu vyake vya siku ile. Sikujua kama amevibeba. Toka Dar mpaka Paje, hakuniambia.

"Mzee, hebu niangalizie na hivi."

Mzee akakigeuza kiatu cha kushoto. Akaweka kidole gumba juu ya kliti, akasukuma. Kliti ikazunguka kama mkono wa saa.

"Bolti zake mbili. Hii ipo moja. Nyingine iko wapi?"

Tukainama. Tundu la bolti ya pili lilikuwa limejaa mchanga mkavu na kutu. Viatu vile havikuvaliwa tena tangu siku ile, kwa hiyo ile bolti ilipotea kabla hajaanguka, si baada ya hapo.

"Ulianguka navyo hivi?"

"Ndiyo mzee."

"Basi hukuwa na njia bwana. Wewe umegeuza mguu, kiatu kimegeuka, chuma kimebaki palepale kinazunguka. Springi haiwezi kuachia. Hata mimi ningeanguka."

Msomaji, nimekaa na mume wangu misibani na harusini, lakini sijawahi kumwona anakaa kimya vile. Baadaye akasema taratibu, "Mwaka mzima najua ni woga wangu." Mzee akacheka kidogo, akasema woga hauli bolti.

Akatafuta bolti kwenye kopo lake, akaipaka grisi, akaifunga, akakaza na ile ya pili. Akauliza, "Nikubadilishie na pedali?" Pedali za zamani za mume wangu hatukuwa nazo, lakini zangu zingemtosha, na mimi ningechukua zake za bapa. Mume wangu akafikiri. Akasema, "Hapana mzee. Kesho naenda na hizihizi za bapa. Nimezipenda."

Juzi alikuwa amefunga pedali bapa kwa sababu anaogopa. Sasa alizichagua. Mimi niliona tofauti usoni kwake, na najua wewe uliyeolewa unaelewa nazungumzia nini.

KILA MTU NA PEDALI YAKE

Siku ya tatu tulishuka Jambiani wawili, saa tatu na nusu asubuhi, Kaskazi mgongoni. Mimi nimenaswa, yeye yuko huru, mwendo mmoja. Tuliongea njia nzima. Kuna uamuzi wa kazi, wa kuhamia mkoa mwingine, ambao ulikuwa unazunguka nyumbani kwetu tangu mwezi wa kumi bila mtu kuugusa. Tuliugusa kabla ya kufika Jambiani, na wakati wa kurudi, upepo ukiwa usoni, tuliumaliza. Hatuhami.

Wapenzi wengi hununua vitu pacha: fulana pacha, raba pacha, pedali pacha. Kwa baiskeli, msifanye hivyo. Mguu ni wako, hofu ni yako, na goti ni lako. Ushauri wangu baada ya siku tatu ni huu. Kama safari yenu ni mchanga laini wa kushuka na kupanda kila dakika, pedali bapa na raba yenye soli ya kushika zinawatosha, msione aibu. Kama ni mchanga mgumu wa maji kupwa na vipande vichache vya kusukuma, SPD yenye springi iliyolegezwa na kliti ya kuachia pande nyingi ni chaguo la katikati, kliti zake zinadumu. Kama mnakwenda kwenye mchanga na tope pamoja, kama masika inavyofanya njia zetu, ile iliyo wazi inashinda, mradi mkubali kununua kliti mara kwa mara. Kuna pia pedali ya sura mbili, upande mmoja bapa, upande mmoja unakamata. Ni nzuri kwa asiye na uhakika, ila kwenye mashimo utatafuta upande sahihi kwa mguu.

KABLA HAMJAVUKA MAJI

• Shika kliti kwa vidole, jaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, kaza. Rudia kila asubuhi. Inachukua nusu dakika, na mtulinga unachukua miezi.

• Paka grisi nyuzi za bolti kabla ya kufunga, la sivyo chumvi itazishika.

• Jaza vichwa vya bolti kwa nta ya mshumaa. Mchanga hautaingia, na siku ya kufungua utaichokoa kwa pini na spana itaingia.

• Beba mswaki wa zamani, kijiti cha meno, na spana ya bolti.

• Unapofunga pedali, kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Inakazwa kwa kuzungusha kinyume na saa.

• Anayeanza afanyie mazoezi kwenye majani: kila mguu uingie na kutoka mara 20 baiskeli ikiwa imesimama, akiwa ameshika ukuta au bega la mwenzake.

• Ukiona mchanga laini mbele, weka gia nyepesi, rudisha uzito nyuma, usikate kona ghafla, na toa mguu mmoja kabla baiskeli haijasimama.

• Kabla ya kutoka muulize mvuvi au mama wa mwani maji yanajaa saa ngapi. Halafu geuzeni mapema, maana upepo wa kurudi hauna huruma.